Mandari ya mnazi: jinsi ya kushinda jioni njema chini ya minazi ya Mombasa

Kila mwaka hunijia mgeni au wawili, jamaa wa bara au rafiki aliyerudi kutoka ng'ambo, wakiniuliza kama kisiwani Mombasa kuna shamba la mizabibu ambapo mtu anaweza kutandika kitambaa, akala na kunywa mvinyo wa hapo hapo. Mizabibu hatuna. Zabibu za mvinyo hulimwa Naivasha kwa upande wa Kenya na Dodoma kwa upande wa Tanzania, kwenye nyanda za juu zenye hewa kavu. Hapa pwani unyevu wa bahari na joto la usiku na mchana haviupi mzabibu raha. Lakini mvinyo tunao, na shamba lake tunalo, na mtu anaweza kukaa chini ya mti uleule uliomtolea kinywaji. Mvinyo huo ni tembo la mnazi, ambalo sisi twaliita mnazi tu. Wagiriama, Warabai na ndugu zao wengine wa Kimijikenda huliita uchi, kwa hiyo usishtuke ukiwa shambani ukasikia mzee anaomba uchi kidogo.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandaa mandari yake mwenyewe, pamoja na familia au marafiki wachache. Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: mvinyo wa zabibu hukaa ndani ya chupa ukakusubiri miaka, lakini mnazi una saa zake. Ratiba ya mandari hii haipangwi na wewe. Hupangwa na mgema.

Kwanza, ujue unachokunywa

Wengi hudhani mnazi hutengenezwa kwa nazi au maji ya dafu. Sivyo. Ni utomvu wa karara, lile shina la maua ya mnazi kabla halijapasuka. Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye gogo, mpaka kileleni, mahali ambapo mnazi mrefu wa kwetu unaweza kufika mita 20 na zaidi. Huchagua karara changa, akalifunga kwa kamba lisifunguke, akakata ncha yake kwa kotama, kile kisu chake cha ubapa uliopinda, kisha akaning'iniza kibuyu chini yake. Siku hizi wengi hutumia vibuyu vya plastiki. Utomvu hudondoka tone kwa tone usiku na mchana.

Kidonda kile hupona haraka, kwa hiyo mgema lazima arudi. Wengine hupanda mara mbili kwa siku, wengine mara tatu, na kila akipanda hunyoa kipande chembamba sana kwenye ncha ili tone lisikatike. Niliwahi kuokota vinyoleo hivyo chini ya mnazi mmoja huko Utange. Vilikuwa vyembamba kama ganda la kitunguu, vimelowa, na tayari siafu walikuwa wamevipata. Mti mmoja unaogemwa vizuri hutoa kama lita moja hadi mbili kwa siku. Na karara linalogemwa halizai nazi, maana maua yake yameshakatwa. Mwenye shamba anayekuuzia mnazi ameacha kuuza nazi za karara hilo, jambo ambalo wanaolalamikia bei hulisahau.

Utomvu ukitoka tu kwenye karara ni mtamu kama maji ya sukari na hauna kileo. Lakini hamira ya asili iliyo hewani, na ile iliyobaki kwenye kibuyu tangu jana, huanza kazi papo hapo. Baada ya saa mbili hivi kileo kinaweza kufika asilimia 4, sawa na bia nyepesi. Kadiri jua linavyosonga, utamu hupungua na ukali huongezeka. Ukilala hadi kesho, unaanza kuchachuka kuelekea siki. Ndiyo maana swali la kwanza shambani halihusu bei, ni hili: mtamu au mkali?

Chagua siku

Miezi ya masika, Aprili na Mei hasa, iache. Gogo la mnazi likilowa huteleza, na sipendi mtu apande mita 20 kwa ajili ya starehe yangu katika hali hiyo. Maji ya mvua nayo huingia kibuyuni. Agosti na Septemba kuna upepo wa kusi na hewa imepoa. Januari na Februari ni kukavu, ila joto lake utalijua.

Kisha kuna sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile wengi waiitayo sheria ya Mututho, iliruhusu uuzaji wa vileo kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hadi saa tano usiku. Umri ni miaka 18 kwenda juu. Kwa mandari, basi, siku ni Jumamosi au Jumapili na muda ni saa nane kwenda jioni. Inafaa pia kwa kinywaji chenyewe: mnazi ulioteremshwa adhuhuri utakuwa katika ubora wake mnapoketi, na mgema akipanda tena jioni mtauona mwingine ukishuka mbichi kabisa.

Mwezi wa Ramadhani usipange mandari ya mnazi. Sheria haikatazi, lakini majirani zako wamefunga.

Tafuta shamba, na umtafute mgema kabla ya siku

Kisiwani penyewe minazi ya kugemwa ni michache mno, majumba yameimaliza. Vuka. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, kuna Kisauni, Utange na Shanzu. Kusini, ukishapanda feri, kuna Likoni na Mtongwe. Huko bado utakuta viunga vya minazi nyuma ya nyumba. Ukiwa na kutwa nzima, nenda Rabai: gari la barabara ya Nairobi hadi Mazeras, halafu ushike njia ya Kaloleni. Warabai waliuzia Mombasa mnazi tangu zamani sana, na hapo ndipo wamishonari Krapf na Rebmann walipofanya makao kuanzia 1846. Kanisa la kale la Rabai sasa ni makumbusho, na msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ulio karibu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Unaweza kutembea asubuhi ukaketi mchana. Ila kayani usiingie bila kuongozwa na wazee, na huko si mahali pa mandari.

Nenda siku mbili au tatu kabla. Usitume mtu wala ujumbe wa simu, nenda mwenyewe. Mzee mmoja wa Utange niliyemwendea mwaka juzi nilimkuta amekaa kwenye kigogo akinoa kotama juu ya jiwe, maji kwenye kifuu kando yake.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamweleza kwamba Jumamosi tutakuja watu sita, kwamba tungependa kukaa shambani mwake na kunywa mnazi wake. Hakujibu mara moja. Alipitisha kidole gumba kwenye makali ya kisu, kisha akauliza, "Mwataka mtamu ama mkali?" Nikasema wa katikati. Akatazama juu kwenye miti kama mtu anayehesabu mbuzi. "Basi wa asubuhi siwawekei, utakuwa umeshika. Nitawawekea wa adhuhuri. Mje saa nane, msije saa kumi."

Maneno hayo matatu, msije saa kumi, ndiyo yaliyonifunza zaidi ya yote niliyowahi kuambiwa kuhusu mnazi.

Mkubaliane wazi mambo matatu: bei ya lita, ada ya kukaa shambani kama ipo, na mahali pa choo. Uliza pia kama ana kibali cha kaunti cha kuuza. Kama yeye ni mgema tu na hauzi, atakuelekeza mangwe iliyo karibu, yaani mahali panapouzwa mnazi, na ukinunua hapo unaweza kuomba ruhusa ya kukaa shambani. Kiasi cha kuagiza: nusu lita kwa mtu ni cha kuonja na kufurahi, lita moja ni kama chupa mbili kubwa za bia. Kwa kundi la watu sita mimi huagiza lita nne.

Kuhusu kuchakachuliwa, wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitaki uende na dhana mbaya, wagema wengi ni watu waaminifu na kazi yao ni ya hatari. Lakini mwombe aonje mbele yako, nawe uonje kabla ya kulipa. Mnazi mzuri una rangi ya maziwa yaliyopunguzwa maji, povu jepesi juu, na harufu ya unga wa mahamri uliokwisha kuumuka. Ukiwa mwepesi kama maji ya bomba, hauna povu wala harufu, umeongezwa maji. Ukinusa harufu ya spiriti au ukichomwa kooni kama chang'aa, uache, hata kama umeshalipa.

Chakula

Hapa ndipo mandari hii hupita zile za mizabibu nilizoziona kwenye picha, na jibini yao na mkate mkavu. Mnazi una utamu na uchachu kwa pamoja, kwa hiyo hutaka chumvi, pilipili na ndimu.

Muhogo ndio mwenzake wa kwanza. Nunua uliochomwa kwa makaa, ukiwa moto, upasuliwe katikati, upakwe pilipili ya unga na chumvi, ukamuliwe ndimu. Wa pili ni samaki: changu wa kukaanga aliyesuguliwa kitunguu saumu na ndimu, au kipande cha ng'onda kilichochomwa. Ng'onda ina chumvi nyingi, itakufanya unywe haraka, kwa hiyo kula kidogo. Mishkaki inafaa, viazi karai na chatini ya ukwaju vinafaa sana, kachiri pia. Mbaazi za nazi na mahamri mimi huziacha nyumbani, si kwa ubaya wake, ni kwamba tui zito na mnazi tumboni havipatani.

Beba kachumbari ikiwa mbichi bila chumvi, uitie chumvi mkiwa mmeketi, la sivyo itakuwa supu. Matunda: embe bichi la kukatwa vipande na pilipili kama ni msimu, au nanasi. Sehemu kubwa ya vitu hivi utaipata Kongowea ukielekea kaskazini, au Marikiti kama unatoka mjini. Nunua siku hiyohiyo asubuhi. Samaki wa jana kwenye joto la Mombasa ni kitanda cha hospitali.

Maji ya kunywa, chukua mengi kuliko unavyofikiri. Kwa kila kikombe cha mnazi mtu anywe kikombe cha maji.

Vitu vya kubeba

Mkeka wa miyaa, mkubwa. Blanketi hushika mchanga na unyevu, mkeka hukung'utwa ukaisha. Leso mbili za kufunikia chakula nzi wasitue. Kisu, ubao mdogo, vikombe vya bati au vifuu vilivyosuguliwa. Kitambaa safi cheupe cha kuchujia, maana nyuki na chungu hufuata utamu hadi ndani ya kibuyu na hufia humo. Mfuko wa taka. Dawa ya mbu, kwa sababu magharibi wataingia. Kama mwenyeji ana kibuyu na mirija, ile yenye kichujio cha nyuzi mwishoni, mwombe amruhusu mmoja wenu anywee, ajionee. Ndivyo wazee wa Kimijikenda wanywavyo.

Mahali pa kutandika

Tazama juu kabla ya kutandika. Huu si ushauri wa mapambo. Nazi iliyokomaa ikiangukia kichwa cha mtu kutoka juu kule yaweza kumuua, na kuti kavu lina uzito wa kuvunja bega. Kaa karibu na minazi inayogemwa isiyo na nazi juu, au pembeni kwenye kivuli cha mwembe au mkorosho. Ukikaa chini ya mwembe, kagua majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira: hao ni chungu waitwao maji moto, na jina lao ni la haki. Usikae kwenye njia ya mgema wala kwenye mguu wa mti atakaopanda. Kotama imewahi kuponyoka mikononi mwa hodari.

Watoto wasijaribu vidato. Waambie mapema, wala usiwaambie mara moja tu.

Namna ya kunywa

Mnazi ukiletwa, uchuje, uuweke kivulini, na usiutie barafu. Baridi nyingi huua ile harufu. Kama wataka upoe, lowesha kitambaa, kizungushie chombo, ukiache kwenye upepo.

Mimina kidogo kwanza. Onja, ngoja, onja tena baada ya nusu saa. Utakuta si kinywaji kile kile, na hii ndiyo raha ambayo chupa ya dukani haiwezi kukupa. Mwanzo utasikia sukari na harufu ya maua. Kisha vitone vidogo vya gesi ulimini. Kisha ule uchachu wa pembeni mwa taya. Kufika saa kumi na moja umekuwa mkali, mkavu, na umeungana na samaki kuliko ulivyokuwa saa nane. Nawaomba watu wanyamaze dakika moja wanapoonja kikombe cha kwanza, wasikie makuti yanavyosuguana juu. Nasema hivi kwa dhati. Mara nyingi tunakunywa tukiwa tunapiga kelele na hatujui tulichokunywa.

Mwenyeji akimwaga kidogo chini kabla ya kunywa, kaa kimya, anawakumbuka waliotangulia. Mnazi kwa Wamijikenda si wa starehe tu. Posa huzungumzwa nao, na kadzama, yaani chombo cha mnazi kinachotolewa kwa wazee, ndiyo hufungua vikao vyao. Mkaribishe mgema aketi nanyi ale kabla hujamwomba chochote, na kama bado ana miti ya kupanda jioni, usimbembeleze kunywa. Wapo walioanguka kwa ukarimu wa wageni.

Wasiokunywa

Katika kundi lolote la Mombasa watakuwamo wasiogusa kileo, kwa dini au kwa hiari. Wawekee chao, na kiwe kizuri: madafu yaliyoangushwa hapohapo, maji ya ukwaju, juisi ya mabuyu. Vikombe vyao viwe mbali na visichanganywe. Na usimwambie Mwislamu kwamba huu bado mtamu, hauna kitu. Hujui umekaa kibuyuni saa ngapi, wala yeye hajui. Mwache na dafu lake.

Kurudi nyumbani

Dereva hanywi, hata kikombe kimoja. Kama mmekuja kwa bodaboda, mwiteni aliyetoka stejini, si yule aliyekuwa anazunguka mangwe tangu mchana. Ondokeni kabla ya giza kuingia shambani.

Ukitaka kubeba mnazi, usiufunge. Unaendelea kufanya kazi na gesi yake inatafuta pa kutokea. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda matatu Kisauni na mtungi wa lita tano magotini, kifuniko nimekikaza ili usimwagike. Tulipofika darajani, kifuniko kiliruka. Mnazi ulimmwagikia mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, amevaa buibui jipya, anakwenda harusini Mji wa Kale. Alinyamaza. Alikunja ukingo wa buibui lake taratibu, akaukamua, kisha akamwomba kondakta amshushe arudi kwao akabadilishe, maana hangeweza kuingia kwenye nyumba ya watu na tembo mwilini. Nilimwomba radhi na kumpa nauli na pesa za dobi, akapokea kwa heshima. Lakini harusi ilimpita, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo hubeba mtungi usiojaa, kifuniko kimelegezwa, kitambaa kimefungwa juu, na nakaa kiti cha nyuma kabisa au nakodi gari.

Uliobaki

Usiumwage. Utie kwenye mtungi wa udongo au wa kioo, ufunike kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite, uweke mahali penye kivuli pasipo na jua. Baada ya wiki kadhaa utakuwa siki. Onja kila baada ya siku chache, na uchuje ukishaona umekata vizuri. Siki hiyo ni nzuri kwa achari ya embe au ya ndimu: kata vipande, tia chumvi, anika jua la siku moja, kisha tia pilipili, bizari na siki ya mnazi hadi vizame. Mfuniko wa chupa ya achari, huu sasa, waweza kuukaza.